Kipaa cha Gari la Baba

8 Machi
Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo, na kipaa kimegoma nusu ya safari.

Niandike vizuri, maana mwakani nitasoma nisijielewe. Kipaa ni kile kibati cha katikati ya paa la gari la Baba. Ukibonyeza swichi kinateleza kwenda nyuma kwa umeme, na wewe uliyekaa kitini unaiona mbingu. Jina hilo ni la nyumbani tu, tulilitunga wenyewe tukiwa watoto. Gari lenyewe ni la michezo, la zamani, milango miwili na viti viwili, pua ndefu, chini kiasi kwamba ukikaa unadhani umekaa barabarani. Baba alilinunua kabla sijazaliwa. Mama hajawahi kuliita gari. Huliita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu ameshaogeshwa," atasema Jumapili asubuhi, "mimi hata hali sijajuliwa."

Baba alipata kiharusi mwezi wa kumi na moja. Upande wa kulia umelala, na maneno yote yamemkimbia isipokuwa moja, "haya". Ipo haya ya kukubali, ipo ya kukataa, ipo ya kutaka maji. Tunazitofautisha kwa macho yake. Nimehamia hapa kwao mwezi huu ili nimsaidie Mama kumnyanyua, na kazi yangu ya umeme wa magari naifanyia hapa hapa bandani.

Kuna dada anakuja kumfanyisha mazoezi ya viungo. Ameleta chuma cha kushikia, amekifunga ukutani chumbani, eti Baba akishike ajivute asimame. Baba hataki hata kukitazama. Akitajiwa kusimama anageukia ukutani. Yule dada akatuambia tumtafutie kitu anachokitaka mwenyewe, vinginevyo tutamnyoosha mpaka tuzeeke. Ndiyo maana leo tulimbeba tukamkalisha kwenye gari, kiti cha abiria. Kufika tu, mkono wa kushoto ukaenda kwenye swichi bila kuuliza njia. Kipaa kikalia, kikasogea kwa shida, kikasimama. Akabonyeza tena. Kikaenda upana wa kidole. Akaurudisha mkono mapajani, akanitazama.

"Haya," akasema.

Hiyo ilikuwa haya ya kuacha. Niliijua palepale, na sikuipenda hata kidogo.

9 Machi
Mtu asinibabaishe na mota, mota ndiyo kazi yangu. Kesho nakimaliza.

10 Machi
Sikukimaliza.

13 Machi
Nimefungua swichi. Ndani vibati vya kupitishia umeme vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi, nikavisugua mpaka vikang'aa. Nimebadilisha waya unaorudisha umeme kwenye bodi, wa zamani ulikuwa umeliwa na kutu. Nimefunga relei, ile swichi ndogo ya kati, ili mota ipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nikapima na mita, umeme unafika wote, haupungui hata kidogo.

Kipaa kimeongeza mwendo kidogo. Kabla kilikuwa kizito kama mgonjwa, sasa ni mgonjwa aliyekunywa uji.

Nyundo alichungulia kwenye uzio. Huyu ni fundi bati wa jirani, tunamwita Nyundo kwa sababu hajawahi kukutana na ugonjwa usiotibika kwa nyundo.

"Dada fundi, nikupe ushauri wa bure?"

"Wa bure sitaki."

"Kizibe. Nakata bati, nachomelea, napiga rangi. Halivuji, halifunguki, hamgombani."

"Nyundo, ukiumwa jino unaziba mdomo?"

"Jino ninalo moja la kuuma, na limenyamaza tangu nilipoligonga."

Nilicheka mwenyewe nikiwa chini ya gari. Lakini jioni nililala na lile wazo lake. Kuziba ni rahisi sana.

17 Machi
Mvua kutwa. Nguo hazikauki. Baba hakutaka kunyolewa.

21 Machi
Nimekwenda kule kwenye magari chakavu nikapata mota ya aina ileile. Mezani ilizunguka vizuri mno, inaimba kama cherehani. Nikaing'oa ile ya Baba nayo nikaiunganisha mezani ili nione ubovu wake. Nayo ikaimba. Zote mbili zinaimba mezani, na ndani ya gari zote mbili zinalia.

Nimekaa juu ya ndoo nikazitazama. Kuna wakati mashine inakutia aibu mbele yako mwenyewe, hata pasipo mtu wa kukuona.

Dada wa mazoezi alikuja adhuhuri. Baba alifumba macho mpaka alipoondoka. Mama alimsindikiza getini, wakasimama muda mrefu. Aliporudi hakuniambia walichozungumza, ila alikata vitunguu vingi kuliko mahitaji.

24 Machi
Mama amesema mwenyewe. Yule dada amemwambia miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupigania. Mguu usipotumika sasa, utasahau. Na Baba anauacha usahau, makusudi.

28 Machi
Nataka niandike leo leo.

Asubuhi jua lilitoka, tukaona tumtoe Baba apate hewa. Nilisukuma gari kutoka bandani hadi uani. Mota mpya imeshafungwa, nikajidanganya kwamba kikizoea kitalainika. Tukamkalisha. Akabonyeza. Kipaa kikaenda kinalia, kinakwenda, kinalia, na safari hii kikafika mwisho. Kilifunguka chote! Baba akalaza kichwa nyuma. Ilikuwa mbingu ya baada ya mvua, ya buluu iliyofuliwa, na ndege wawili watatu walipita. Sijamwona akitazama kitu namna ile tangu augue. Nikamwacha astarehe. Mama akaenda jikoni, mimi nikaenda getini kwa mteja mwenye taa zisizowaka.

Wingu lilitokea nyuma ya nyumba, upande ambao hakuna aliyekuwa akitazama. Halikuanza kwa matone. Lilimwaga.

Nilikimbia. Baba alikuwa amebana swichi kwa kidole gumba, kipaa kimerudi robo tu na kukwama, mota inanguruma na harufu ya kuungua imejaa mle ndani. Nikabonyeza mimi. Nikakisukuma kwa viganja. Nikakipiga ngumi, Mungu anisamehe. Maji yalikuwa yanamwangukia usoni moja kwa moja. Mkono wa kulia hauwezi kufuta, na wa kushoto haukutaka kuiachia swichi. Alikuwa anatweta na maji yakimwingia mdomoni.

Mama akaja mbio na kitambaa cha plastiki cha meza, makombo ya chai bado yako juu yake. Akakitandaza juu ya tundu, upepo ukakinyanyua, akajilaza mwenyewe juu ya paa, mikono ameipanua, kanga imemganda mwilini.

"Sukuma gari!" akapiga kelele. "Achana na hicho kidude, sukuma gari!"

Nilisukuma. Matairi yamezama kwenye tope, gari halitikisiki. Nikasikia kishindo, kumbe ni Nyundo ameruka uzio. Hakufanya mzaha, aliweka bega tu. Tukaliingiza bandani, Mama akiwa bado amelala juu ya paa.

Tulimfuta Baba kwa taulo, kisha kwa mashuka, kisha kwa chochote. Alikuwa analia bila sauti. Mama alimshika kidevu akamwambia, "Yamekwisha, mzee wangu, yamekwisha." Baba akamtoa mkono taratibu. Akanyoosha kidole akagusa swichi. Kisha akagusa goti lake la kulia. Swichi, goti. Akanitazama nione kama nimeelewa.

"Haya," akasema.

Nilielewa. Alikuwa ananiambia kwamba yeye na kipaa ni kitu kimoja, na kwamba nimeshajaribu vya kutosha kwa wote wawili. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia kama mtoto, na mvua haikuacha.

30 Machi
Hataki kutoka kitandani. Hataki kulisikia gari.

Nimemwambia Mama pengine Nyundo yuko sahihi, tukizibe. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Wewe umeangalia umeme," akasema, "kwa sababu ndio unaoujua. Mimi dirisha likiwa zito sipimi nguvu za mkono wangu. Naangalia linapopita."

"Mama, ni mashine ile, si dirisha."

"Haya, endelea kupima."

Nimekasirika. Nimekasirika zaidi kwa kuwa yuko sahihi. Nimebadilisha kila kilicho na waya, na sijawahi kulitoa lile bati nikaona kilicho chini yake.

2 Aprili
Nimelitoa. Nimekaa nusu siku nikifungua skrubu zilizokuwa hazijaguswa tangu gari litoke kiwandani, nikashusha kitambaa cha ndani cha paa, nikalinyanyua bati kwa mikono miwili na kulilaza juu ya blanketi. Kisha nikapanda juu ya kigoda nikachungulia.

Nimefanya kazi hii tangu nimalize shule na sijawahi kuona kitu kama hiki. Mota iko nyuma kabisa, kipaa kiko mbele, na katikati hakuna fimbo wala mnyororo. Kuna kamba mbili za chuma, nyembamba kama kidole changu cha mwisho, zimezungushiwa uzi mwingine wa chuma kwa nje mfano wa skrubu. Gurudumu la meno la mota linauma ule uzi, na kamba zinasukumwa. Zinasukumwa! Kamba ninayoijua mimi huvuta. Chukua kamba ya kuanikia nguo, jaribu kusukumia kiti, uone utakavyojichekesha. Hizi zinasukuma bati zima la chuma kwa sababu zimepitishwa ndani ya vibomba vinavyozibana zisipate pa kujikunjia. Hazina njia nyingine ila kwenda mbele.

Nilimwita Mama aje aone. Alivaa miwani, akapanda kigoda, nikamshikilia.

"Kwa hiyo mzigo wote ule unasukumwa na uzi?"

"Ndiyo, Mama."

Akaunyoosha mkono akaigusa ile kamba kwa ncha ya kidole.

"Binadamu huyu," akasema. Hakumaliza.

3 Aprili
Leo nimeujua ugonjwa, na sijui nicheke au nifanye nini.

Reli ambazo kipaa hutelezea hazionekani. Zimefukiwa na grisi. Nilianza kuikwangua kwa bisibisi bapa, nikaona inatoka kwa matabaka. La chini kabisa ni jeusi, limekauka likawa gumu kama lami, hilo ni la Baba. Kila masika yakikaribia alikuwa akiongeza grisi mpya juu ya ile ya zamani, hajawahi kuosha. Juu yake kuna tabaka nene la manjano, lenye mnato, ambalo nalifahamu vizuri kwa sababu ni grisi ya beringi za malori. Na juu ya hilo kuna tabaka jeupe laini. Nikalinusa. Linanukia maua.

Kaka yangu, anayeendesha lori la masafa, alikuwa amefika mchana na kulala sebuleni. Nikamwamsha na kumwonyesha bisibisi.

"Hii ni nini?"

Akaitazama. "Grisi."

"Ya nani?"

"Sasa dada, unaniamsha unihoji kama askari?"

"Ya nani, kaka?"

Akajikuna shingo. "Baba alipolazwa. Nilisema akirudi akikute kilaini. Nikaweka ya kutosha."

"Umeweka ya beringi za lori!"

"Lori langu halilalamiki."

Mama alikuwa mlangoni amesimama na sinia. Nikamgeukia na ile nyeupe.

"Na hii, Mama? Si mafuta yako ya kujipaka haya?"

Akaliweka sinia chini polepole. "Ulitaka nimpake grisi ya lori? Mke mwenzangu ana ngozi laini."

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia. Mama akacheka kidogo, halafu akaacha, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Usiku ule walinirudisha nyumbani kutoka hospitali," akasema. "Wakaniambia hakuna la kufanya, nikalale. Nikalale vipi? Sikuwa na kitu cha kumfanyia baba yenu, hata kumfunika shuka wanafunika wao. Nikaja bandani. Nikampaka huyu. Nikawa nampaka kila siku mpaka aliporudi."

Mwanamke huyu amelitukana gari hili miaka yote ya ndoa yake. Nilimtazama na kuona kama ndiyo kwanza tunajuana.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, nami mwezi wa pili nilikuja kusalimia, nikapuliza dawa ya kulainisha mle ndani bila kumwambia mtu. Dawa ile imeyachanganya yote yakawa uji mzito. Kwa hiyo mota haikuwa na kosa. Tulikuwa watu wanne, kila mmoja kwa siri yake, tunakipaka kipaa mpaka kimeshindwa kwenda.

4 Aprili
Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, matambara. Kutwa.

5 Aprili
Mafuta ya taa, mswaki, matambara. Kaka amesaidia kabla ya kuondoka, akilalamika kwamba mgongo wake ni wa kukaa. Kamba zimeng'aa. Nikizipitisha kwenye vibomba zinateleza zenyewe.

Nimegundua jingine. Kwenye pembe nne za tundu, chini ya lile tope la grisi, kuna vishimo. Nikachokoa kimoja kwa waya mwembamba, waya ukazama wote. Nikachukua kikombe cha maji nikamimina taratibu. Maji yakaingia yakapotea. Nikasubiri. Nikasikia chururu, nikainama, yakawa yanatoka chini kabisa, nyuma ya gurudumu la mbele. Yamepita ndani ya nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele, kwenye bomba ambalo hakuna mtu aliyepata kuliona, na kiti hakikupata hata tone!

Kumbe siku zote hizi nimekosea tangu mwanzo. Nilidhani kipaa kinatakiwa kuzuia maji. Hao waliokiunda walijua fika kwamba maji yataingia, wakayaandalia njia ya kutokea. Nimemimina vikombe vinne, kila pembe kimoja, si kwa kupima bali kwa raha ya kusikiliza. Nyundo alinikuta nimelala kifudifudi, sikio karibu na tairi.

"Linakwambia nini?"

"Mimina tena, usikie."

Alimimina. Akasikia. Akavua kofia akajikuna kichwa, akaondoka bila kunishauri kitu. Nadhani ni mara ya kwanza.

9 Aprili
Viatu vya plastiki ambavyo kipaa hutelezea juu ya reli vimelika, kimoja kimepasuka. Vipya havipatikani popote. Nimechonga vingine kutoka kwenye ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Mama ameuliza ubao wake uko wapi. Nimemwambia uko kazini.

12 Aprili
Nimerudisha kila kitu, kikaenda upogo na kubana. Kamba ya kulia imeitangulia ya kushoto kwa jino moja. Jino moja tu! Kesho tena.

13 Aprili
Kimekubali.

Kabla sijafunga mota nilikisukuma kwa mkono nione. Nilijiandaa kutumia nguvu, nikakigusa kwa kidole kimoja, kikaondoka. Kilikwenda chenyewe mpaka nyuma kabisa, bila sauti. Nikakirudisha kwa kidole. Kikaja. Nimefanya hivyo mara nyingi, peke yangu bandani, nywele zinanisimama. Kitu kizito kiasi kile! Nikafunga mota ya zamani, ile ya Baba, maana haikuwa na kosa lolote. Nikabonyeza. Kilifunguka kwa pumzi moja.

Nilikimbilia ndani na mikono yangu michafu. "Baba, kimepona! Baba, njoo ukione!"

Alikuwa anatazama ukuta. "Haya," akasema. Ileile ya kuacha.

16 Aprili
Mvua. Amekula vijiko vitatu.

18 Aprili
Mvua. Dada wa mazoezi amesema Baba akigoma tena wiki hii itabidi ampe nafasi yake mgonjwa mwingine anayetaka kupona. Hakusema kwa ubaya. Mama alimshukuru, akamfungulia geti, akalifunga, akabaki amelishika.

20 Aprili
Nimemsikia Mama akiongea chumbani. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa napita na beseni.

"Unajua nilikuwa naenda bandani ulipolazwa?" alikuwa anamwambia. "Nilikuwa nampaka yule mwanamke wako mafuta yangu. Yale mazuri. Nimemaliza makopo. Nimempaka mpaka nikamharibu, mwanao amefanya kazi ya kumbandua mafuta wiki nzima. Mimi! Nimemhudumia mke mwenza kwa mkono wangu huu, na wewe unanilalia hapa kama gunia."

Kisha nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni kikohozi. Baba alikuwa anacheka. Kicheko chenyewe kimepinda, kinatoka upande mmoja, lakini ni kicheko. Mama naye akaanza. Nilisimama pale na beseni langu mpaka mikono ikafa ganzi.

"Kesho twende ukamwone," Mama akasema. "Twende wote."

"Haya."

Hiyo ilikuwa ya kukubali.

21 Aprili
Nitaandika kwa mfuatano, nisije nikaruka kitu.

Saa nne asubuhi tulimtoa. Wingu lilikuwepo, nikashauri tubaki bandani, Mama akasema bandani kuna mbingu gani. Nikasukuma gari uani. Tulimkalisha Baba kwenye kiti cha abiria, na Mama akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akaingia na yeye. Sikumbuki kumwona mle ndani maishani mwangu. Alikaa kwa tahadhari, kama yuko ugenini, mkoba mapajani.

Mimi nilisimama mbele ya gari, tambara mkononi.

Baba akabonyeza. Kipaa kikafunguka, pumzi moja. Akabonyeza, kikajifunga. Akafungua. Akafunga. Akamtazama Mama. Mama akasema, "Nimeona, nimeona." Akafungua tena akakiacha wazi, akalaza kichwa.

Manyunyu yakaanza. Nikasema, "Baba, funga." Hakufunga. Nikasema tena. Mama akanionyesha kwa kiganja nitulie.

Baba akaunyanyua mkono wa kushoto, nikadhani anataka kuyagusa matone. Ukapanda mpaka ukingo wa tundu, ukalishika bati la paa. Akalitikisa kidogo, kulijaribu. Kisha nikaona mshipa wa shingo unamtoka, na makalio yakaachana na kiti.

"Unafanya nini?" Mama akauliza. "Wewe mzee, unakwenda wapi?"

Hakukoma. Mkono unavuta, mguu wa kushoto unasukuma sakafu, mwili unapanda ukitetemeka. Mama akatupa mkoba, akapiga magoti juu ya kiti, akaliweka bega lake chini ya paja la Baba. Ilinipasa nikimbie nikamshike. Nikabaki nimelishika tambara. Nywele zake zilitokea kwanza, nyeupe, zimelowa. Kisha paji la uso. Kisha uso mzima, upande mmoja umekaza na mwingine umelegea, macho wazi. Kisha mabega. Akalaza kiwiko juu ya paa, akavuta, na mkono wa kulia ukaburutika ukatoka nao. Kifua kikatua kwenye ukingo wa bati.

Baba alikuwa amesimama.

Alisimama katikati ya gari lake, paa limemzunguka kifuani, mvua inamwagika kichwani, anatweta. Upande wa pili wa uzio nyundo iliyokuwa ikigonga tangu asubuhi ilikuwa imenyamaza.

"Wewe mtoto!" Mama akapaza sauti kutoka ndani. "Umesimama unatazama nini? Mguu wake unatetemeka!"

"Mama, amesimama."

"Najua amesimama! Si mimi niliyembeba?"

Nilikwenda. Nilipofika ubavuni mwa gari, nilimtazama. Tangu mwezi wa kumi na moja nimekuwa nikimtazama baba yangu kwa kuinama. Kitandani, kitini, kwenye beseni la kuogea, siku zote mimi niko juu na yeye yuko chini, nikawa nimeshazoea. Leo ilinibidi ninyanyue shingo. Alikuwa mrefu! Nilikuwa nimesahau kwamba baba yangu ni mtu mrefu.

Alinitazama kutoka kule juu, maji yanamchuruzika kidevuni. Tulibaki hivyo mpaka Mama alipotangaza kwamba bega lake lina umri, ndipo akashuka, akaanguka kitini kwa kishindo kilichovunja kishikio cha mlango. Viti vimelowa chapachapa. Sikumkumbusha mtu kufunga kipaa.

22 Aprili
Mvua. Nimetandaza magazeti kwenye viti vya gari.

Dada wa mazoezi alifika saa tatu. Tulimkuta Baba amekaa ukingoni mwa kitanda, Mama ameshamfunga kamba za viatu, mkono wa kushoto umekishika kile chuma cha ukutani. Alimtazama yule dada kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa kazini.